Moyo ulikuwa kwa mstari wako, miguu ndo ilikataa

Mama yangu anauza mukene sokoni hapa Busia, upande wa Uganda, wale samaki wadogo ambao ukivuka geti tu ukaingia Kenya wanaitwa omena na bei nayo inabadilika hapo hapo. Ameuza toka mimi niko mgongoni. Karo yetu sisi watano ilitoka kwa mukene, bati la nyumba lilitoka kwa mukene, kwa hiyo mwaka 2018 alipotuita jioni akasema anataka kugombea uchemani wa kijiji, yaani uenyekiti wa LC1, halmashauri ya kijiji, hakuna aliyeshangaa sana. Mzee, baba yetu, alinyamaza kidogo alafu akauliza tu, "Na mikutano ya usiku?" Mama akamjibu, "Nikishinda haitakuwa ya usiku."

Kwa wasomaji ambao hawajaishi Uganda ngoja nieleze. Chemani wa LC1 ndo serikali ya kwanza unayokutana nayo. Unataka kitambulisho cha taifa, barua ya LC. Ndugu yako kashikwa, unaenda kumtolea dhamana, polisi wanauliza barua ya LC. Unauza kipande cha shamba, unafungua akaunti benki, mume kakupiga umekimbilia kwa jirani saa saba usiku, mtoto wa fulani kavunja dirisha la fulani, yote hayo yanapita kwa huyo mtu mwenye muhuri. Mbunge tunamuona kwenye kampeini na kwenye matanga ya watu wakubwa. Chemani tunamuona kila siku akipita na baiskeli. Ndo maana mimi watu wakiongea habari ya wanawake na siasa wakaanzia bungeni nasikia kama wanajenga nyumba kuanzia kwa paa.

Sasa huo uchaguzi wa 2018 haukuwa wa kawaida. Mara ya mwisho tulikuwa tumechagua LC1 mwaka 2001, miaka 17 imepita, chemani wetu alishazeeka kwenye kiti na wengine wa vijiji jirani walishakufa kabisa muhuri ukabaki kwa watoto wao. Sheria ilibadilishwa 2015, ikasema uchaguzi wa kijiji na wa parishi hautakuwa wa karatasi, watu watapanga mstari nyuma ya wanayemtaka, alafu wanahesabiwa. Wazee wa hapa mpakani waliposikia hivo wakakumbuka ng'ambo, maana Kenya 1988 chama tawala KANU walifanya hiyo hiyo, mlolongo, na kila mtu hapa ana mjomba au shangazi upande ule wa kumsimulia jinsi mstari mfupi ulivyotangazwa mshindi mchana kweupe. Lakini sisi hofu yetu haikuwa wizi. Kijijini kila mtu anaona mstari, kuiba ni vigumu. Hofu yenyewe tuliijua siku ile ile.

Tarehe 10 mwezi wa saba, Jumanne. Tulikusanyika chini ya mwembe, pale karibu na shule. Wagombea walikuwa watatu: chemani wa zamani, kijana mmoja ambaye ni mkubwa wa steji ya boda, na Mama. Mama alivaa gomesi yake ya kijani ile ya harusi za watu. Kabla ya hapo tulikuwa tumepiga hesabu zetu, sababu Mama ana kikundi cha kuweka akiba, akina mama thelathini na kitu, wanakutana kila Ijumaa, na wote walimwambia kwa mdomo wao tuko na wewe. Ukiongeza na wa sokoni, ukiongeza na sisi wa nyumbani, Mama alikuwa ashapita.

Ofisa wa uchaguzi akasema haya, pangeni.

Kile kilichotokea dakika mbili tatu zile nimekifikiria miaka yote hii. Wanaume walitangulia. Wengi walienda kwa mstari wa chemani wa zamani, wengine kwa kijana wa boda, na walipofika kwenye nafasi zao hawakutazama mbele, waligeuka nyuma kutazama wake zao wanaenda wapi. Hakuna aliyetishia mtu. Hakuna aliyesema neno. Ni macho tu. Jirani yetu wa nyumba ya pili, rafiki wa Mama wa miaka mingi, alikuwa na mtoto mgongoni, alisimama katikati ya ule uwanja peke yake, akamtazama Mama, akamtazama mumewe, akapandisha kanga ya mtoto vizuri kama mtu anayetafuta kitu cha kufanya na mikono, alafu akaenda taratibu kwa mstari wa chemani wa zamani. Nyuma yake wakafuata wengine kama sita. Si mume peke yake pia, niseme ukweli. Mwingine alimtazama mwenye nyumba anayopanga, mwingine alimtazama mwenye duka anakokopa sukari na sabuni, na mwenye duka alikuwa mstari wa mbele kabisa kwa kijana wa boda.

Nilihesabu mwenyewe kabla ofisa hajahesabu. Nyuma ya Mama walikuwa 38, na kati yao mimi na ndugu zangu na Mzee. Ndiyo, Mzee alisimama pale, kofia mkononi, na wenzake walimcheka mpaka leo kuna wanaomwita mume wa chemani.

Usiku ule jirani alikuja. Alileta sahani ya mihogo imefunikwa na sahani nyingine, akakaa chini mlangoni, hakutaka kiti. Akasema, "Mama, moyo ulikuwa kwa mstari wako, miguu ndo ilikataa." Mama hakumlaumu. Walikula ile mihogo pamoja. Mimi ndo nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa kwa jirani, ilinichukua muda kujua kwamba nilikuwa nimeikosea njia, ilitakiwa iende kwa mtu aliyekaa mahali akaandika kwamba mwanamke anayetegemea ugali wa nyumba fulani apige kura yake mbele ya macho ya mwenye nyumba hiyo.

Huwa tunaambiwa Uganda tumefika mbali na mimi sikatai hata kidogo, nataka niwe wa haki. Katiba ya 1995 ibara ya 78 iliweka mbunge mmoja mwanamke kwa kila wilaya, na halmashauri zote za chini zikatengewa theluthi moja ya viti kwa wanawake. Specioza Wandira Kazibwe alikuwa makamu wa rais toka 1994 wakati nchi nyingi hapa Afrika hata wazo hilo hazikuwa nalo. Rebecca Kadaga alikalia kiti cha spika miaka kumi, 2011 mpaka 2021. Na kwenye Bunge lililoingia 2021 angalia, makamu wa rais Jessica Alupo alikuwa wa kiti cha wanawake Katakwi, waziri mkuu Robinah Nabbanja wa Kakumiro, Anita Among aliyekuwa spika toka 2022 wa Bukedea, wote watatu walipita kwa mlango huo huo wa kiti cha wilaya, na Kadaga mwenyewe alikuwa wa kiti cha wilaya Kamuli. Kwa hiyo mtu akiniambia viti hivi ni zawadi za kupoteza hela nitabishana naye mpaka kesho. Bila hivo viti hao wote tusingewajua.

Lakini sasa kuna jambo limeota pembeni ya hivo viti, na hili linaniumiza. Mwaka 2021 viti vya wanawake vya wilaya na majiji vilikuwa 146. Viti vya kawaida vya majimbo, ambavyo mtu yeyote anaweza kugombea, vilikuwa 353. Kwenye hivo 353 wanawake walioshinda hawakufika ishirini. Mwanamke akitangaza anataka jimbo jibu analopewa ni moja, "Si mna kiti chenu?" Nimelisikia kwa masikio yangu kwenye kampeini hapa, jukwaani kabisa, na waliopiga makofi walikuwa wanawake pia. Kile kilichowekwa kiwe ngazi watu wamekigeuza ua, kaeni humo ndani, msitoke. Na wapo waliotoka wakaonyesha inawezekana, Winnie Byanyima alichukua Mbarara Manispaa dhidi ya wanaume miaka ya tisini, Cecilia Ogwal, Mungu amrehemu, alichukua Lira Manispaa 1996 na hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze akanyamaza.

Alafu hicho "kiti chenu" chenyewe ni kizito. Mbunge wa wilaya hapa kwetu anatembea majimbo ya Samia-Bugwe yote na manispaa juu, wakati wa kiume anatembea jimbo lake moja tu. Mafuta ya gari ni mara tatu nne, mawakala mara tatu nne, matanga ya kuchangia mara tatu nne. Na kujiandikisha tu, sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2015 ilipandisha ada ya mgombea ubunge kutoka shilingi 200,000 mpaka 3,000,000. Mama yangu auze mukene kiasi gani apate milioni tatu za kuweka mezani kabla hajachapisha hata bango moja?

Mtu atasema si akope. Akope na nini? Benki inataka hati ya ardhi, na hati ya ardhi iko kwa jina la nani? Hapa ndo nawaomba mkumbuke mwaka 1998. Sheria ya Ardhi ilipopita, kina Miria Matembe, mbunge, walipigania kipengele cha mke na mume kumiliki pamoja ardhi ya familia, wakakijadili, kikapita bungeni, alafu sheria ilipochapishwa kipengele hakimo. Kimepotea. Mpaka leo kinaitwa kipengele kilichopotea. Kilichopo ni kwamba ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzio, sawa, hiyo imesaidia wengi, ila ridhaa na umiliki si kitu kimoja, huwezi kupeleka ridhaa benki ukapewa mkopo wa kampeini. Ndo maana nasema hizi habari zimefungana kama kamba, ukivuta ya ardhi inakuja ya siasa. Na mirathi vivyo hivyo, mahakama ya katiba ilifuta vifungu vya kubagua wanawake kwenye sheria ya mirathi 2007, marekebisho yenyewe yakaja kupita 2022, miaka 15, watoto waliozaliwa mwaka ule wa hukumu wameota ndevu, na mjane ambaye alikuwa akipata asilimia 15 ndo akapandishwa 20. Wanawake wengi wamo bungeni, karibu theluthi, na bado ilichukua hivo. Bila wao ningesema ingechukua milele.

Nirudi kijijini maana huko ndo najua vizuri.

Chemani wa zamani alishinda. Wiki iliyofuata akaja nyumbani na watu wawili, akakaa, akanywa chai, akasema anapanga kamati yake na anataka Mama awe mweka hazina. "Nyinyi wanawake hamli hela," akasema, na alisema kwa wema. Mzee alitaka Mama akatae, ati ni dharau. Mama akakubali. Alituambia baadaye kwamba mwenye daftari la hela lazima aitwe kila hela inapoongelewa, hata wakitaka kukutana wapi.

Na walikuwa wanakutana wapi? Kwa baa. Sio ofisi, sio shuleni, kwa baa ya nyuma ya steji, saa moja saa mbili usiku, hiyo ndo ilikuwa halmashauri yetu ya kijiji miaka na miaka. Kisima cha pampu ya mkono kilipatikana kwa mfadhili kabla ya 2018, na mahali pa kukichimba paliamuliwa pale pale juu ya chupa, kwa hiyo kikawekwa upande wa pili wa barabara kubwa, karibu na kwa rafiki wa mtu, na wanaochota maji ni wasichana na akina mama wa upande huu. Yaani asubuhi na jioni watoto wanavuka na madumu ya njano, malori ya mpakani yanapita, na walioamua hakuna hata mmoja ambaye amewahi kubeba dumu toka aoe. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Ni kwamba hakuna mtu mezani ambaye shingo yake ilikuwa inauma.

Mama alifanya jambo dogo tu. Mara ya kwanza walipomwita usiku alituma ujumbe: daftari liko nyumbani, mimi natoka sokoni nimechoka, mnaotaka hela njooni Jumapili saa nane mchana chini ya mwembe. Walikasirika. Wiki mbili hawakuja. Wiki ya tatu steji ilihitaji mchango wa mwenzao aliyepata ajali, na mchango hautoki bila daftari, wakaja. Jumapili saa nane. Na kwa sababu ni mchana na ni chini ya mwembe, akina mama waliokuwa wanapita wakasimama, wengine wakakaa kabisa na watoto wao wakimenya njugu, na mmoja akauliza swali kuhusu hela ya kutengeneza pampu ambayo ilikusanywa kila nyumba na pampu haijatengenezwa. Kimya. Hilo swali lilikuwa linaulizwa kisimani kila siku miaka miwili, ila kisimani hakuna wa kulijibu. Pampu ilitengenezwa mwezi huo huo.

Kwa hiyo wakati watu wa mashirika wanakuja na semina za kuwapa wanawake ujasiri, chakula cha mchana kizuri na kalamu, mimi nakaa nasikiliza kwa heshima alafu naishia kuuliza mkutano wa kijiji chenu ni saa ngapi. Ujasiri tunao jamani. Mwanamke anayevuka geti alfajiri na gunia kichwani akabishana na askari wa ushuru wa nchi mbili mnataka kumfundisha kuongea mbele ya watu? Kinachomshinda ni saa mbili usiku kwa baa na mtoto mchanga, kinachomshinda ni milioni tatu, na ni mstari.

Huo mstari nautaka uondoke. Naandika haya nikijua muhula wa maLC waliochaguliwa 2018 ulitakiwa kuisha 2023 na wakawa wanaongezewa tu, na najua jibu la serikali ni gharama, kwamba vijiji ni zaidi ya elfu 60, nani atachapisha karatasi za vijiji vyote hivo. Sawa. Lakini nani kasema kura ya siri lazima iwe ya karatasi? Gambia toka miaka ya sitini wanapiga kura kwa gololi, kila mgombea ana pipa lake lenye picha yake, unaingia nyuma ya pazia na gololi moja, unatumbukiza, kengele inalia ndani ya pipa mara moja watu nje wanajua umepiga kura moja tu, na hakuna anayejua ni ya nani. Walianza hivo kwa sababu wengi walikuwa hawajui kusoma. Hiyo nchi ni maskini kama sisi na imeweza. Na ubunge wetu wenyewe, mpaka kabla ya 2006 mbunge mwanamke wa wilaya alikuwa anachaguliwa na viongozi wa mabaraza tu, sio na wananchi wote, ikabadilishwa ikawa kura ya wote, na hakuna aliyekufa. Mambo hubadilika ikitakiwa.

Kikundi cha Mama cha Ijumaa hawakusubiri serikali. Mwaka jana kiongozi wao alihamia Tororo kwa mwanawe, wakatakiwa kuchagua mwingine, na mmoja akasema tusipange mstari, hapa tunakopeshana, tutanuniana bure. Wakaleta vyungu vitatu, kila chungu cha mgombea mmoja, wakaviweka jikoni kwetu nyuma ya kitenge kilichofungwa kwa kamba toka dirisha mpaka mlango. Kila mtu akapewa punje moja ya haragwe. Mimi niliwekwa nje kuangalia asiingie mtu mara mbili, nikawa naandika majina.

Jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa wa kumi hivi. Yule mtoto aliyekuwa mgongoni 2018 sasa anasoma, alikuja naye ameshika gauni lake, akamwacha kwangu. Aliingia nyuma ya kitenge akakaa humo muda mrefu kuliko wote, mpaka wenzake wakaanza kumwita kwa utani, wewe unapika humo? Nikasikia haragwe likigonga chini ya chungu, tik, na bado hakutoka. Alipotoka alikuwa anatabasamu peke yake. Mtoto akamuuliza, "Mama, umemchagua nani?"

"Siri," akamwambia, akamshika mkono wakaenda kukaa kivulini.